Kumdhamini Kijana: Mwongozo kwa Aliyepunguzwa Kazi

Kupunguzwa kazi humwondolea mtu mshahara, na pamoja nao mambo mengine ambayo hayaandikwi kwenye barua ya kuachishwa. Marie Jahoda na wenzake waliyachunguza mambo hayo mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa na kuacha nyumba nyingi bila mwenye ajira. Ilidhaniwa kwamba watu wenye muda wangesoma zaidi; kumbe vitabu walivyoazima maktabani vilipungua. Wanaume walitembea polepole na kusimamasimama njiani. Baadaye Jahoda alitaja mambo matano ambayo kazi humpa mtu mbali na fedha: mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja na wengine, hadhi mbele ya jamii, na shughuli isiyoahirishika.

Afrika Mashariki imepitia hali hiyo zaidi ya mara moja. Mashirika ya umma yalibinafsishwa miaka ya 1990 na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani kwa makundi. Korona ilipokuja, watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka zaidi ya 1,500,000 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Mapema mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya ikapunguza watu. Mhudumu wa hoteli, dereva wa watalii, mhasibu wa mradi: wote walikabidhi funguo, sare na kitambulisho. Hakuna aliyewadai wakabidhi jinsi walivyoaminika na watu wa kazi ile.

Kuaminika huko ndiko kijana wa mazingira magumu anakokukosa, mara nyingi kuliko anavyokosa ujuzi. Aliyelelewa kwenye makao ya watoto, aliyetoka gerezani, binti aliyekatisha shule kwa ujauzito, kijana kiziwi, aliyehamia mjini bila ndugu: kila mmoja anaweza kufundishika, lakini mwajiri hana wa kumpigia simu kumwulizia. Mtu aliyepunguzwa kazi, anayetaka siku zake ziwe tena na maana, anaweza kuwa huyo wa kupigiwa simu.

Ya nyumbani kwanza

Msaada wa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba haudumu. Kwa hiyo wiki za mwanzo ni za kufuatilia haki. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza angalau mwaka mmoja, na ambaye hakuachishwa kwa utovu wa nidhamu, kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kikomo kikiwa miaka 10. Anastahili pia notisi au malipo badala yake, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi. Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufikisha lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo huisha upesi, kwa sababu wengi huzimaliza wakisubiri bosi abadili mawazo. Mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF aliyechangia miezi 18 au zaidi, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, anaweza kuomba fao la upotevu wa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6.

Cheti cha utumishi hupuuzwa na wengi. Kwa shughuli inayozungumziwa hapa ni karatasi muhimu kuliko zote, kwa sababu atakayemdhamini mwingine ataulizwa kwanza yeye mwenyewe aliondokaje.

Kutafuta kazi nyingine kuendelee. Asubuhi mbili au tatu kwa wiki, zenye saa maalumu, zinatosha kwa vijana. Zikizidi hapo nyumba italalamika, na italalamika kwa haki. Tena shughuli hizi mbili husaidiana kuliko inavyodhaniwa. Mtu anayemwulizia kijana nafasi huongea na waajiri bila ile haya inayomshika anapojiulizia mwenyewe, na huko ndiko husikia kwamba duka fulani linafungua tawi au kwamba mtunza stoo wa mahali fulani anastaafu. Mwanasosholojia Mark Granovetter, katika utafiti wake wa miaka ya 1970 nchini Marekani, alionyesha kwamba waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu mara nyingi waliambiwa na watu wa kufahamiana tu, waliokutana nao kwa nadra, wala si marafiki wa karibu. Rafiki wa karibu anajua yaleyale anayoyajua mwenzake.

Daftari la watu

Hatua ya kwanza ni kukaa na simu na daftari, kisha kuandika kila mtu aliyefahamika kupitia kazi iliyopotea. Kosa la kawaida ni kuandika wakubwa peke yao. Msimamizi wa jiko la hoteli Arusha anafahamu wapishi wa hoteli nyingine, lakini pia anamfahamu mleta mboga wa Tengeru, mwenye bucha, fundi wa majokofu, mwenye dobi, msambazaji wa mitungi ya gesi na bwana wa mayai. Hao wadogo ndio wenye nafasi ambazo kijana asiye na cheti anaweza kuzianza, na hawazitangazi popote. Mwenye bucha akihitaji mtu, huuliza wanaomzunguka.

Mbele ya kila jina yaandikwe mambo matatu: kazi inayofanyika pale hatua kwa hatua, mtu ambaye kweli ndiye anayeamua nani aingie (mara nyingi si mwenye jina kwenye kibao, ni mke wake au mtunza stoo), na sababu iliyomwondoa kijana wa mwisho aliyefanya kazi pale. Hili la tatu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Mwajiri anayesema vijana watatu walimkimbia kwa miezi minne ama analipa kidogo, ama ana matusi, ama kazi yake inaanza saa kumi alfajiri wakati daladala hazijaanza. Kila sababu ina jibu lake. Matusi hayana, na jina hilo lifutwe.

Kumjua kijana kabla ya kumsemea

Vijana wenyewe hawatafutwi kwa matangazo. Afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii wa kata wanawafahamu, na mwenyekiti wa mtaa anawafahamu zaidi. Makao ya watoto huwa na vijana waliofikisha umri wa kuondoka na hawana pa kwenda. Misikiti, makanisa na vyama vya watu wenye ulemavu ni milango mingine. Ni busara kuanza na waliotimiza miaka 18. Sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, inaruhusu kazi nyepesi tu kuanzia umri huo, na inamzuia wa chini ya 18 kufanya kazi za hatari. Mtu asiye na uzoefu wa malezi ya watoto hana sababu ya kujiingiza huko peke yake.

Wawili au watatu kwa wakati mmoja ni wengi wa kutosha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 kuhusu vijana waliopewa walezi wa kujitolea uligundua kwamba uhusiano uliodumu mwaka au zaidi ndio uliowafaa zaidi, na kwamba ule uliovunjika ndani ya miezi mitatu ulifuatiwa na kushuka kwa kujithamini kwao. Kwa kijana aliyekwisha kuachwa na mzazi, kuachwa tena na mfadhili mwenye shauku ya mwezi mmoja ni jeraha jingine. Asiye na uhakika wa kufika miezi sita asianze.

Mahojiano ya mezani hayamwonyeshi mtu. Kazi ya pamoja humwonyesha: kufyeka uwanja wa zahanati, kupanga stoo ya jirani, kumsaidia mama lishe wakati wa chakula cha mchana. Asubuhi tatu za namna hiyo zinaeleza kama anafika kwa saa, anauliza asipoelewa, anamaliza alichoanza, anavumilia kuelekezwa. Zinafichua pia matatizo ambayo hayasemwi: haoni vizuri kwa mbali, hasomi, hajala tangu jana.

Wengi wa vijana hawa husema hawajawahi kufanya kazi, na hilo karibu kila mara si kweli. Aliyeuza maji stendi amefanya hesabu ya faida kila siku. Saidia fundi anajua vipimo vya mchanganyiko wa saruji. Binti anayefua nguo za nyumba nne kwa wiki amekwisha kusimamia wateja wanne na kudai malipo yake. Kazi ya msaidizi ni kuyatoa hayo kwa maswali na kuyaandika katika ukurasa mmoja wa wasifu, kwa lugha ya kawaida, bila kuyavisha majina makubwa yatakayomtia kijana aibu akiulizwa.

Karatasi

Sehemu hii haina mvuto, lakini hukwamisha vijana wengi. Bila namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) hakuna laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, na bila laini hakuna malipo ya simu wala mwajiri wa kumpata. Asiye na wazazi hana vitambulisho vya wazazi vya kuambatisha, na mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa pia. Njia huanzia serikali ya mtaa kwa barua ya utambulisho, hupitia RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kwa cheti cha kuzaliwa, kisha ofisi ya NIDA ya wilaya. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo ianze siku ya kwanza na isingojee nafasi ipatikane. Kijana akienda peke yake huambiwa arudi kesho. Akiongozana na mtu mzima anayejua kuuliza kwa upole jina la mhusika na tarehe ya majibu, mambo husogea.

Kuzungumza na mwajiri

Hapa ndipo jina linapotumika, na linaweza kutumika vibaya. Njia mbovu ni kuomba huruma: “Ni yatima, tumsaidie.” Mwajiri anaweza kumpokea kwa sadaka, na atamwachisha siku biashara ikilegea. Njia nzuri huanza na shida ya mwajiri iliyoandikwa kwenye daftari. Mwenye dobi analalamika kuhusu watu wasiofika Jumatatu. Aambiwe kwamba yupo binti aliyefika asubuhi zote tatu kabla ya saa mbili, na aliyemwona akifika ni huyu anayesema.

Maneno yawe ya mambo yaliyoshuhudiwa. “Ni mwaminifu sana” halimwambii mwajiri chochote, kwa sababu kila mdhamini hulisema. “Alihesabu stoo ya jirani yangu siku mbili na hesabu ilikaa sawa” linamwambia. Udhaifu nao usemwe: anasoma kwa shida, hajawahi kutumia mashine ile, ana mtoto wa miaka miwili anayelelewa na bibi. Mwajiri aliyeambiwa mapema huvumilia. Akiugundua mwenyewe hudhani amefichwa mengine pia. Habari ya gerezani ni ya kijana, naye ndiye wa kuamua kama isemwe. Akikubali, aelezwe mwajiri peke yake, asielezwe kila aliyepo dukani. Akikataa, asidhaminiwe kwa kazi ambayo ukweli huo ungebadili uamuzi wa mwajiri, kama ya kushika fedha.

Barua fupi iachwe, yenye namba ya simu inayopatikana. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kuambatisha barua ya mwajiri wa zamani wa mwombaji kuliongeza simu za mwitikio kutoka kwa waajiri kwa asilimia 60, na manufaa yalionekana zaidi kwa wanawake. Ndiyo maana asubuhi zile tatu za kazi hazikuwa maigizo: bila hizo barua haina cha kusema.

Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi akumbushwe, kwa staha, kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka awe na angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Wengi hawalijui sharti hilo, na wengine wanalijua ila hawajui pa kuwapata watu.

Kabla ya kuagana yakubaliwe mambo manne: malipo na siku ya kulipwa, saa za kazi, muda wa majaribio, na atakayemwelekeza kijana. Sheria inaweka saa 45 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Katika biashara ndogo mkataba wa maandishi ni nadra, lakini hata ujumbe wa simu unaotaja malipo na saa ni ushahidi.

Kabla ya mshahara wa kwanza

Kijana anayeanza kazi tarehe 3 na kulipwa tarehe 30 ana wiki nne za nauli na chakula mbele yake, na mfukoni hana kitu. Hapa wengi huacha, na mwajiri huhitimisha kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Suluhisho jepesi ni kumwomba mwajiri amlipe kwa wiki mwezi wa kwanza. Wengi hukubali, kwa kuwa haiwagharimu zaidi. Isipowezekana, itafutwe nauli kutoka msikitini, kanisani au kwenye kikundi cha kukopeshana, ikiwa mkopo mdogo utakaorudishwa. Aliyepunguzwa kazi asiitoe mfukoni kwake. Mafao yake ni ya nyumba yake, na siku yatakapokwisha kijana atajikuta ana mfadhili mwenye kinyongo.

Njia ya kwenda kazini ipitwe mara moja kabla ya siku yenyewe, kwa saa ileile ya alfajiri. Viatu na nguo viangaliwe. Mwenye mtoto awe ametaja nani atamshika, na nani wa pili akiugua wa kwanza.

Miezi sita

Sheria ya kazi haimpi mfanyakazi aliyefanya kazi chini ya miezi 6 nafasi ya kulalamikia kuachishwa isivyo halali. Kipindi hicho, basi, kinga ya kijana ni ya kibinadamu tu, na ufuatiliaji wa msaidizi uende hadi hapo. Wiki ya kwanza simu ya kila jioni. Mwezi wa kwanza kuonana mara moja kwa wiki. Baadaye mara moja kwa wiki mbili. Mwajiri naye aulizwe, na swali liwe “anahitaji kujifunza nini?” kwa sababu “anaendeleaje?” hujibiwa “vizuri” hata siku moja kabla ya kumfukuza.

Akifukuzwa kwa kosa lake, msaidizi amwendee mwajiri mwenyewe, akiri kwamba ndiye aliyemleta, asikilize hadi mwisho. Mlango huo huenda ukabaki wazi kwa mwingine. Kijana naye asikilizwe, na asipelekwe kwa mwajiri mwingine mwezi uleule kana kwamba halikutokea jambo.

Aliyedumu anahitaji kitu kingine: ushahidi unaohamishika. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha vijana waliofundishwa vyuoni na waliofundishwa ndani ya biashara. Wote walinufaika, lakini wenye vyeti walisonga mbele zaidi kadiri miaka ilivyopita, kwa sababu waliweza kuhama mwajiri na ujuzi wao ukatambuliwa. Kwa Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, bila kumtaka aanze darasani upya. Fundi gereji, mpishi au mwashi mwenye uzoefu aulize chuo cha VETA cha mkoa wake lini upimaji wa fani yake unafanyika.

Wapo wasiofaa kuajiriwa au wasiotaka, nao si wa kulazimishwa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida mikopo hiyo hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na huko mhasibu aliyepunguzwa kazi ana kazi tele, maana vikundi vingi huvunjika kwa sababu hakuna anayejua kuandika daftari la fedha.

Mipaka

Kijana asitozwe chochote, wala kabla wala baada ya mshahara wa kwanza. Uwakala wa ajira ni biashara yenye leseni. Anayeupenda aufuate kwa njia yake, asiuvike vazi la kujitolea. Zawadi ya kuku au kitenge kutoka kwa kijana aliyekwisha kulipwa ni heshima, na kuikataa ni kumvunjia heshima yake, lakini fedha zikataliwe.

Mikutano ifanyike mahali pa wazi, na mtu wa pili, mwenza au kiongozi wa mtaa, ajue kijana gani anaonana na nani. Binti asipelekwe kufanya kazi za ndani kwenye nyumba ambayo msaidizi hajaingia na kuzungumza na mama mwenye nyumba. Kijana anayeonyesha dalili za dawa za kulevya, kipigo cha nyumbani au kukata tamaa ya kuishi ana mahitaji ambayo barua ya utambulisho haiyatatui. Afisa ustawi wa jamii na hospitali ndio mahali pake, na kazi itamsubiri.

Yatarajiwe pia mafanikio ya msaidizi mwenyewe. Akipata ajira mpya, asichukue kijana mwingine, na aliye bado hajawekwa mahali amkabidhi ana kwa ana kwa mtu wa mtaa au wa kata aliyekuwa akishirikiana naye, pamoja na daftari. Aliye mwezi wa pili kazini asikabidhiwe kwa mtu. Simu moja ya jioni kwa wiki hadi mwezi wa sita inawezekana hata kwa mwenye kazi.